Namba za Ubavuni mwa RAM

Fundi wa mashine ya kusaga pale Ikungi hamtumi mtu Singida mjini kwa kumwambia tu, "Niletee mkanda." Huugeuza kwanza ule uliokatika, akaufuta unga na grisi kwa kidole gumba, akasoma: B60. Herufi inamwambia upana, namba inamwambia urefu kwa inchi. Mkanda wa A una upana wa milimita 13, wa B una 17, na puli iliyochongwa kwa ajili ya B haiukamati wa A hata mtu akaze boliti mpaka jasho limtoke. Anayeishi kwa kusaga mahindi au kukamua alizeti analijua hilo tangu utotoni, na hakuna aliyemfundisha darasani.

Katika mji huohuo wa Ikungi kuna kipande kingine cha mashine chenye maandishi ubavuni, nacho mara nyingi hununuliwa kwa kubahatisha. Ni RAM ya kompyuta, ile kumbukumbu inayoshika kazi zote zilizofunguliwa wakati mashine imewashwa, na kuziachia umeme ukikatika. RAM huchomekwa kwenye ubao mama, ambao mafundi wenyewe huuita madabodi. Makala haya yanahusu ndoa ya hivyo viwili: namna ya kujua kama vitakubaliana kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ikungi ilipata kuwa wilaya mwaka 2012, ilipomegwa kutoka Singida Vijijini. Mji wake umekaa juu ya lami itokayo Dodoma, ikapita Manyoni, ikaenda Singida mjini, na kutoka hapo hadi mjini ni takriban kilomita 40. Katika mji wa barabarani kama huo, steshenari ni ofisi ya kila mtu. Ndipo aliyemaliza kidato cha sita anapojaza maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ndipo mhitimu wa ualimu anapopandisha vyeti vyake kwenye Ajira Portal, na ndipo mwenye kampuni ndogo ya ujenzi anapoingia kwenye mfumo wa zabuni wa NeST. Kazi zote hizo hufanyika kwenye kivinjari, kurasa tano au sita zikiwa wazi kwa mpigo, na skana na Word vikisubiri pembeni.

Kompyuta yenye GB 2 haiwezi mzigo huo. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia kazi kwenye diski na kuzirudisha, na diski ya zamani ya kuzunguka ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Kipanya kinaganda. Mtoto wa watu aliyetoka kijijini asubuhi na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki anaambiwa asubiri, na dirisha la maombi linafungwa kwa tarehe iliyopangwa, mashine iwe nzima au iwe imekwama. Kwa hiyo mwenye steshenari anayeamua kuongeza RAM anaamua jambo la maana. Shida inaanzia kwenye kuitafuta.

Aliyeko Kariakoo, Dar es Salaam, akiuziwa RAM isiyofaa huvuka barabara akairudisha kabla ya adhuhuri. Aliyeko Ikungi anaipokea kwa basi. Muuzaji ameifunga kwenye bahasha, ameikabidhi kwa wakala wa mabasi, nayo imesafiri zaidi ya kilomita 600 usiku au mchana, mpaka konda amkabidhi mtu aliyesimama kando ya lami na simu mkononi. Ikigoma kuingia, kuna nauli ya kuirudisha, kuna maelewano na muuzaji ambaye huenda akasema iliondoka dukani ikiwa nzima, na kuna siku tatu au nne za wateja kwenda kwingine. Kosa lilelile moja lina bei mbili tofauti, kutegemea mtu anaishi wapi. Hii ndiyo sababu elimu hii ingetakiwa kuanzia mikoani, kwa wale ambao safari ya pili inawaumiza.

Jambo la kwanza ni kizazi. Viwango vya RAM hupangwa na JEDEC, chombo cha kimataifa kinachowakutanisha watengenezaji ili chipu ya kampuni moja ikubaliwe na bodi ya kampuni nyingine. Vizazi hivyo hubeba jina la DDR: ya kwanza ilipata kiwango chake mwaka 2000, DDR2 ikaja 2003, DDR3 ikaja 2007. DDR4 iliingia kwenye kompyuta za watu mwaka 2014. Kiwango cha DDR5 kilitolewa Julai 2020, na mashine za mezani zinazoitumia zikaanza kuuzwa mwishoni mwa 2021. Kila kizazi kilikuja na umeme mdogo kuliko kilichotangulia: volti 2.5, kisha 1.8, kisha 1.5, kisha 1.2, na sasa 1.1. Nyaya ndani ya madabodi zimechorwa kwa ajili ya kizazi kimoja, kwa umeme wake na kwa lugha yake ya mawasiliano. DDR4 haishuki kuwa DDR3 kwa kuibembeleza, na hakuna mpangilio ndani ya BIOS, programu inayoiamsha mashine, unaoweza kuibadilisha.

Waliobuni vipande hivi walijua kwamba mikono ya watu hukosea, wakaweka kinga inayoonekana kwa macho. Mtu akiishika RAM ya mezani chini ya taa, upande wenye pini za rangi ya dhahabu ukiwa chini, ataona mstari wa pini umekatwa na pengo moja dogo. Pengo hilo haliko katikati kabisa, limesogea upande mmoja. Ndani ya sloti ya madabodi kuna kijino cha plastiki kilichosimama mahali palepale. Pengo likikaa juu ya kijino, RAM inashuka yenyewe, na vishikizo vya pembeni vinafunga kwa mlio mkavu, tak, kila upande. Kizazi kikiwa tofauti, pengo na kijino havikutani. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, kwa hiyo kuhesabu pini hakumsaidii mtu kutofautisha jozi hizo. Pengo ndilo linalosema kweli. DDR4 ina alama moja zaidi: ukingo wake wa pini umepinda kidogo, katikati pameshuka kuliko pembeni, ili isihitaji nguvu nyingi wakati wa kuichomeka.

Hapo ndipo bodi nyingi zinapovunjikia. Kijana anaona RAM haiingii, anadhani sloti imekaza kwa vumbi, anaweka viganja viwili juu yake na kusukuma kwa uzito wa mwili. Kijino kinakatika. RAM inaingia kwa nguvu, pini za umeme zinagusa pini zisizo zake, na anapowasha mashine, vyote viwili vinaweza kufa kwa pamoja. RAM sahihi huhitaji nguvu ya vidole gumba tu. Ikidai zaidi ya hapo, inatakiwa itolewe na isomwe upya.

Urefu nao ni wa kutazamwa. RAM ya kompyuta ya mezani ina milimita 133 na ushee, ya kompyuta mpakato haifiki 70. Wengi wanadhani kila kompyuta isiyo mpakato hutumia ile ndefu. Zile kompyuta ndogo za mezani zinazotosha kubebwa kwa kiganja, zinazofungwa nyuma ya skrini ofisini, hutumia fupi. Dell OptiPlex 3020 ya kawaida inachukua DDR3 ndefu, lakini ndugu yake mdogo, 3020 Micro, anachukua DDR3 fupi. Jina lilelile, na mtu akimtajia muuzaji "3020" peke yake, nusu ya habari imebaki Ikungi.

Sasa lebo. Karibu kila RAM iliyotoka kwenye kompyuta za ofisi ina karatasi nyeupe ubavuni yenye maandishi ya namna hii: 4GB 1Rx8 PC3L-12800U-11. Inaonekana kama namba ya chesisi, lakini husomwa kipande kwa kipande kama mkanda wa B60. 4GB ni ukubwa. 1R ni idadi ya safu za chipu ambazo prosesa, ubongo wa kompyuta, inaziita kwa zamu, na x8 ni upana wa kila chipu kwa biti. PC3 ni kizazi cha tatu, yaani DDR3. L inayofuata ina maana kwamba inaweza kutumia umeme mdogo wa volti 1.35. 12800 ni kiasi cha data, kwa megabaiti, kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Ukigawa kwa 8 unapata 1600, na ndiyo maana RAM hiyohiyo muuzaji mwingine huiita "1600". Kwa hesabu hiyo, PC4-19200 ni DDR4 ya 2400, na PC4-25600 ni ya 3200. Ile 11 ya mwisho ni ucheleweshaji, mizunguko ambayo RAM inatumia kabla ya kujibu inapoitwa.

Herufi iliyobanwa mwishoni mwa 12800 ndiyo yenye hatari kuliko zote. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani. S ni ile fupi. R ni ya seva.

Vituo vya data vya Ulaya, Marekani na Asia hubadilisha seva zao kwa mafungu, na RAM zake huingia sokoni kwa wingi na kwa bei ya chini. Ziko safi, ziko kubwa, GB 8 au 16 kwa kipande kimoja, na mnunuzi akiona bei anahisi amepata bahati. RAM ya DDR3 yenye R ina pini 240 na pengo mahali palepale na ile ya U. Inaingia kwenye sloti bila ubishi, vishikizo vinafunga, kila kitu kinaonekana sawa. Kisha mashine haiwaki. Ndani ya RAM hiyo kuna chipu ya ziada inayopokea amri kwanza na kuzipitisha kwa zamu yake, na madabodi ya kawaida ya mezani haikujengwa kuongea na mpokeaji wa namna hiyo. Hali ni hiyohiyo kwenye DDR4. Kwenye DDR5 ndipo pengo la RAM za seva liliposogezwa, ili zisiingie kabisa kwenye mashine za kawaida, na ni mabadiliko ambayo yangepaswa kufanywa miaka mingi kabla.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyo, wa RAM za DDR3 za bei ya kutupa zilizoandikwa kuwa ni za prosesa za AMD pekee. Hizo hazina herufi R. Zimejengwa kwa chipu za upana wa biti 4 badala ya 8, mpangilio ambao prosesa za Intel za wakati huo haziusomi. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika zinazofika Tanzania zina prosesa za Intel. Muuzaji wa mtandaoni hakusema uongo, aliandika. Ila aliandika kwa maandishi madogo, chini ya picha.

Na hizi kompyuta zilizotumika ndizo hasa zinazojenga habari yetu. Watu wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza kompyuta kwenye mashine zilizokwisha kufanya kazi mahali pengine. Computers for Schools Kenya ilianza mwaka 2002 kwa kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Camara, shirika la Ireland lililoanza 2005, limekuwa likileta kompyuta zilizokarabatiwa kwenye shule za nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2009 Uganda ilitangaza kwenye bajeti yake kwamba inazuia uingizaji wa kompyuta zilizotumika, na mjadala mkubwa ukazuka, kwa sababu wenye shule na maduka walijua mashine hizo ndizo wanazozimudu. Kwa upande wa Tanzania, nyingi huja kwa makontena kutoka Ulaya na Dubai, zinashukia Dar es Salaam, kisha zinapanda mabasi na malori kwenda bara.

Mashine ya mtumba haiji na kitabu chake. Huja na jina lililobandikwa usoni, na jina hilo linatakiwa kusomwa lote, mpaka herufi ya mwisho. OptiPlex 755 ni ya DDR2, 780 ni ya DDR3. HP EliteDesk 800 G1 inachukua DDR3, na 800 G2, ambayo kwa mbali huwezi kuitofautisha nayo, inachukua DDR4. Hapo tofauti nzima imebebwa na tarakimu moja.

Dell walifanya jambo gumu zaidi kwa mtu wa mtumba. Mwaka 2012 walitoa OptiPlex 7010, mashine imara ya DDR3 inayopatikana kwenye ofisi nyingi. Mwaka 2023 wakatoa nyingine, mpya kabisa, wakaipa jina hilohilo, 7010. Hiyo inatumia DDR4, na ile inayoitwa 7010 Plus inatumia DDR5. Mtu akipiga simu Dar es Salaam akasema anataka RAM ya 7010, ametaja mashine zilizopishana miaka kumi na mmoja. Kinachomaliza utata ni ile karatasi ndogo nyuma au ubavuni yenye herufi na tarakimu saba, ambayo ni ya kompyuta ile moja tu duniani. Ikiandikwa kwenye tovuti ya Dell, inatoa habari zote za mashine, na simu ya mkononi yenye bando inatosha kwa kazi hiyo.

Mashine ikiwa bado inawaka, hata bisibisi haihitajiki. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye Windows 10 au 11, fungua ukurasa wa utendaji, gusa mstari wa kumbukumbu. Pale pana ukubwa wa RAM iliyopo, kasi yake, umbo lake kama ni ndefu au fupi, na idadi ya sloti zilizotumika kati ya zilizopo. Programu ya bure iitwayo CPU-Z inakwenda ndani zaidi: inataja jina la madabodi na kuifungua sloti moja moja, kwa sababu kila RAM imebeba chipu ndogo yenye wasifu wake, na madabodi huusoma kila inapowashwa. Mashine ikiwa imekufa, jina la bodi huwa limechapwa juu ya bodi yenyewe, mara nyingi katikati ya sloti au karibu na prosesa. Fundi hulifuta vumbi kwa brashi, akalipiga picha.

Kisha kuna swali la kiasi. Kila bodi ina mwisho wake wa kubeba. Bodi nyingi za chipseti ya H61 na H81, ambazo zimejaa kwenye mashine za bei nafuu, zina sloti mbili na mwisho wake ni GB 16, yaani GB 8 kila sloti. Kipande kimoja cha GB 16 hakitasomwa hata kama kizazi ni sahihi. Upande wa programu nao una ukuta: Windows ya biti 32 haioni zaidi ya GB 4, na kwa kawaida inabakiza tatu na ushee za kutumia. Mwenye kompyuta ameongeza RAM mpaka GB 8, ameilipia, na Windows inaendelea kumwonyesha 3. RAM haina kosa lolote. Inayotakiwa ni Windows ya biti 64.

Kuchanganya je? RAM mbili za kizazi kimoja zenye kasi tofauti kwa kawaida hukubali kuishi pamoja, na zote hufuata mwendo wa ile ya polepole. DDR3L ya volti 1.35 hukubali pia 1.5, ila ya 1.5 tupu haikubaliki kila mahali, hasa kwenye kompyuta mpakato zilizojengwa kwa umeme mdogo. Na pale penye sloti mbili zisizo na kitu, vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha 8, kwa kuwa prosesa huvisoma kwa njia mbili sambamba. Mashine isiyo na kadi ya picha ya pekee hufaidika zaidi, maana picha za skrini zinakula kutoka kwenye RAM hiyohiyo.

Wako pia vijana wa wilayani wanaojenga kompyuta mpya kabisa, kwa ajili ya studio ya muziki, uhariri wa video za harusi, au ramani za majengo. Kwao ndoa ni ya watu watatu: prosesa, bodi na RAM. Kwa AMD hesabu ni rahisi, soketi ya AM4 inaenda na DDR4, ya AM5 iliyokuja 2022 inaenda na DDR5 pekee. Intel inachanganya zaidi. Prosesa zake za kizazi cha 12 hadi cha 14 kwenye soketi ya LGA1700 zinaelewa DDR4 na DDR5, lakini bodi karibu zote hubeba moja tu kati ya hizo. ASUS huweka D4 mwishoni mwa jina la bodi za DDR4, kama kwenye PRIME B660M-A D4. Herufi na tarakimu hizo mbili zikipuuzwa, RAM na bodi vitafika kwenye basi moja vikiwa havijuani.

Mashine mpya ya DDR5 ina tabia moja inayowatisha wengi. Ikiwashwa kwa mara ya kwanza, skrini inaweza kukaa giza kwa dakika kadhaa, hasa kwenye AM5. Bodi inajipima na RAM yake, inatafuta mwendo ambao zote mbili zitauweza. Wapo wanaokata umeme hapo katikati, wanatoa RAM, wanarudisha, na kila wakirudisha inaanza upya. Inahitaji kuachwa tu, feni zikizunguka.

Uangalifu huu una uzito zaidi sasa kuliko miaka michache iliyopita. Sehemu kubwa ya RAM ya dunia hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung, SK hynix na Micron. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei ilipanda kwa kasi, kwa kuwa vituo vya data vya akili mnemba vinanunua chipu za kumbukumbu kwa wingi na viwanda vinaelekea huko. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo mafundi wengi wamelizoea kwenye RAM za watu wa kawaida. Miezi miwili kabla, tarehe 14 Oktoba, Microsoft ilikuwa imefikisha mwisho wa kuihudumia Windows 10, na Windows 11 kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Kwa mwenye OptiPlex ya 2012 ushauri wa haki ni huu: aifikishe GB 8, abadilishe diski ya kuzunguka kwa SSD isiyozunguka, asizidishe hapo. Fedha ya GB 16 aiweke kwa ajili ya mashine itakayofuata.

Tuchukue mfano wa jioni moja ya steshenari kando ya lami. Mama mwenye duka ana mashine iliyozima asubuhi, mara baada ya kuongezewa RAM iliyoletwa na jamaa. Fundi kijana anaingia na mkoba wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kitu tangu waiguse haionyeshi chochote. Inalia tu."

"Inalia mara ngapi?"

Mama hajahesabu. Fundi anaiwasha, wanasikiliza wote wawili. Mara tano, kimya kifupi, mara tano tena, na taa nyekundu inapepesa kwa mpigo uleule. Kwenye HP Compaq za zamani kama hiyo ya mama, tano ni RAM. Anachomoa waya wa umeme na kubonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Kabla ya kushika chochote ndani, anagusa bati la kasha. Singida ina mvua za msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, na miezi ya kiangazi hewa huwa kavu kiasi kwamba sweta likivuliwa linatoa cheche. Cheche ndogo kuliko hiyo, ambayo hata kidole hakiisikii, inatosha kuua chipu. Anatoa RAM mpya. Anaisogeza karibu na balbu. 2Rx4 PC3-10600R.

"Mama, hii ni ya seva."

"Sasa seva ni nini tena, baba?"

Anamweleza, akiwa ameshika RAM ya zamani mkono mmoja na mpya mkono mwingine, kidole kikionyesha herufi moja kwenye kila karatasi. Mama anavaa miwani. Anaiona U, anaiona R. Fundi anasugua pini za ile ya zamani kwa kifutio safi cha penseli, taratibu, anapuliza vumbi la kifutio, anairudisha. Tak, tak. Mashine inawaka na GB 2 zake zilezile.

Kabla hajafunga kasha anapiga picha tatu kwa simu: jina la bodi, lebo ya RAM iliyokubali, na sloti zilivyo. Anazituma kwa muuzaji kwa WhatsApp, na chini yake anaandika: "DDR3, PC3-10600 au 12800, mwisho iwe U, x8, ndefu ya mezani, GB 4 vipande viwili. Nitumie picha ya lebo kwanza, kabla ya kufunga." Mama anauliza kama basi la kesho litawahi. Fundi anamjibu kwamba wasubiri picha ya lebo, kisha ndipo watajua kama kuna haja ya kuulizia basi.